S ya Simu, O ya Ofisi: Kabla Hujachomeka Waya wa Simu Kwenye Ruta

Kilichonipeleka Magoma siku ile kilikuwa simu bubu. Barabara ya kutoka Korogwe inafuata bonde la Lwengera: Usambara ya Magharibi kushoto kwako, Usambara ya Mashariki kulia, mashamba ya mkonge chini. Nilipofika, mzee aliyeniita alikuwa amepanga kila kitu mezani kama mtu anayewasilisha ushahidi barazani: simu ya mezani ya vitufe, ruta inayotumia laini ya simu ya mkononi, kisanduku cheusi chenye matundu mawili, na nyaya nne.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hivi vyote nimeuziwa vizima, na vyote vinawaka taa. Lakini simu haisemi."

Ni kweli, vyote vilikuwa vizima. Kosa lilikuwa moja tu: simu ilikuwa imechomekwa kwenye tundu ambalo nalo lilikuwa linasubiri kupewa uhai. Simu inasubiri, tundu linasubiri. Wageni wawili wamekutana kibarazani, kila mmoja akimngoja mwenzake awe mwenyeji.

Mzee hakuwa mzembe. Matundu ya simu yanafanana kwa umbo, plagi ni ileile, na maandishi yake ni herufi ambazo hata wauzaji wengi hawazielewi. Ushauri wangu wote leo unatoka kwenye swali moja ambalo kila mwenye zahanati, shule, nyumba ya wageni au ofisi ya shamba anapaswa kuliuliza kabla ya kuchomeka waya: tundu hili linatoa au linapokea?

Simu ya mezani inalishwa

Simu ya mezani ya kawaida, ile yenye waya mwembamba na mkono wa kunyanyua, haina betri wala waya wa kwenda ukutani. Inaishi kwa umeme unaoletwa na nyaya mbili za simu zenyewe. Mkono ukiwa umelazwa, nyaya hizo huwa na volti 48 hivi za umeme wa moja kwa moja. Ukiunyanyua, mzunguko unafunga, mkondo mdogo unapita, na mtambo ulio upande wa pili unatambua kwamba kuna mtu anataka kupiga. Ndipo unakupa ule mlio mrefu sikioni. Simu inapoingia, mtambo hutuma umeme wa kupigia kengele, takriban volti 90, unaogeuka mara 20 au 25 kwa sekunde.

Hiyo ndiyo sababu zamani umeme ulikatika mji mzima na simu ikaendelea kuita: betri zilikuwa kwenye mtambo wa simu, si nyumbani kwako. Ndiyo sababu pia fundi aliyeshika nyaya hizo kwa vidole vitupu wakati simu inaita hasahau siku hiyo.

Basi katika kila muunganisho wa simu kuna pande mbili zisizo sawa. Upande mmoja ni mwenyeji: unatoa umeme, unatoa mlio, unapiga kengele. Upande wa pili ni mgeni: unapokea umeme, unasikiliza mlio, unaitika kengele. Mwenyeji akikutana na mgeni, mazungumzo yanakwenda. Wageni wawili wakikutana, kimya. Wenyeji wawili wakikutana, kila mmoja anasukuma umeme wake kwa mwenzake, simu haifanyi kazi, na mmojawapo anaweza kuungua.

Herufi tatu zinazosumbua

Kwenye vifaa vya simu mwenyeji huandikwa FXS na mgeni huandikwa FXO. FX hapa si zile fedha za kigeni zinazobadilishwa dirishani. Ni msemo wa kale wa mafundi simu, maana yake mtambo wa ugenini. Mteja wa mji mmoja aliyetaka namba ya mji mwingine alivutiwa laini kutoka mtambo wa ule mji wa pili. Ncha ya laini hiyo iliyoelekea kwa mteja ilipewa herufi S, na ncha iliyoelekea ofisi ya simu ikapewa herufi O. Mitambo hiyo ilizeeka, herufi zikabaki.

Kinachowachanganya watu ni kwamba tundu halikupewa jina la tabia yake. Limepewa jina la kile kinachotakiwa kuchomekwa humo. Sisi tunaosema Kiswahili tumebahatika, maana herufi zenyewe zinakubali lugha yetu:

FXS: S ya simu. Humu chomeka simu.

FXO: O ya ofisi. Humu chomeka waya unaotoka ofisi ya simu.

Wazee wa Magoma bado wanaiita ofisi hiyo Posta na Simu, ingawa shirika lile liligawanywa na TTCL ikaanza kazi mwaka 1994. Wewe iite utakavyo, mradi ukumbuke kwamba O haipewi simu na S haipewi waya wa ofisi. Kisanduku cheusi cha yule mzee kilikuwa na FXO mbili. Kingemfaa mtu mwenye laini mbili za TTCL anayetaka kuziingiza kwenye swichibodi ya ofisi. Yeye hakuwa na laini hata moja ya waya. Alikuwa amenunua milango miwili ya kupokea laini ambazo haziji.

Matundu utakayoyakuta nyuma ya kifaa

Geuza ruta yako utazame mgongo wake. Matundu mapana yenye vidole vinane vya shaba, yaliyoandikwa LAN au WAN, ni ya waya wa kompyuta. Plagi ndogo ya simu inaingia humo bila shida, na hapo ndipo hatari ilipo: kingo zake zinaweza kuvikunja vidole vya pembeni, na tundu hilo lisishike vizuri waya wa kompyuta tena. Waya wa simu wenye umeme wa kengele nao hauna kazi humo isipokuwa kuharibu.

Tundu dogo lililoandikwa DSL au ADSL ni la kupokea intaneti kupitia waya wa shaba wa kampuni ya simu. Ukichomeka simu humo hutasikia kitu. Wenye laini za aina hiyo hutumia kichujio kinachotenga njia mbili katika waya mmoja: sauti ya mtu husafiri chini, kati ya hezi 300 na 3400, na intaneti husafiri juu zaidi, kuanzia kilohezi 25 hivi. Simu isiyopitia kichujio hukuletea mvumo sikioni na kuivuruga intaneti.

Tundu dogo lililoandikwa TEL, PHONE au POTS kwa kawaida ni FXS. Hapo ndipo mahali pa simu. Ruta nyingi za laini ya simu zinalo, Huawei B315 ikiwa mfano mmoja, na hata visanduku vinavyofungwa mwisho wa waya wa faiba nyumbani mara nyingi vinalo.

Tundu lililoandikwa LINE, likiwa jirani na jingine lililoandikwa PHONE, kwa kawaida ni FXO. Lakini usiamini maandishi peke yake, maana baadhi ya viwanda huandika LINE 1 na LINE 2 vikimaanisha simu ya kwanza na ya pili. Penye shaka, pima.

Pima, usibahatishe

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Chukua simu ya mezani unayoijua kuwa nzima, ichomeke, nyanyua mkono, sikiliza. Ukipata mlio, tundu linatoa: ni FXS, au ni laini hai ya ofisi. Usipopata mlio usikimbilie kuhukumu, kwa sababu baadhi ya adapta za simu za intaneti hazitoi mlio mpaka zisajiliwe kwa mtoa huduma.

Kipimo cha pili kinahitaji mita ya kupimia volti, ile ya mafundi wa redio. Kata waya wa simu uliochakaa, menya nyaya mbili za katikati, chomeka plagi yake kwenye tundu. Weka mita kwenye umeme wa moja kwa moja, kipimo cha volti 200, kisha gusa nyaya hizo mbili. Mita ikisoma volti 48 au karibu yake, tundu linatoa. Adapta ndogo nyingine husoma chini ya hapo, lakini haziko sifuri. Alama ya kutoa mbele ya namba isikutishe, inategemea tu umegusa waya upi kwa ncha ipi. Mita ikisoma sifuri, tundu linapokea, au limekufa. Usiweke mita kwenye kipimo cha ukinzani wakati waya una umeme, utaiua mita.

Sasa sikiliza vizuri penye mtego mkubwa kuliko yote. Nyumba nyingi za zamani, hasa za mashamba ya mkonge na za misheni, zina nyaya za simu zilizopita ukutani mpaka kila chumba. Mtu akinunua adapta huona akili kuichomeka kwenye soketi moja ya ukutani ili simu za vyumba vyote zifufuke pamoja. Inawezekana, kwa sharti moja: kwanza tenganisha kabisa nyaya za ndani na ule waya unaoingia kutoka nje. Ukiuacha umeungwa, na siku moja laini ya nje ikapata umeme, wenyeji wawili watakutana ndani ya ukuta wako. Pima soketi kwa mita kabla ya kuchomeka chochote.

Nunua kulingana na kazi

Ukiwa na ruta ya laini yenye tundu la simu, na haja yako ni simu moja ya mezani ya kupokelea wateja, hununui kitu kingine. Ila fahamu mambo mawili. La kwanza, kwenye ruta nyingi za aina hii simu hupita njia ya kawaida ya sauti ya mtandao wa simu, haipiti kwenye bando la intaneti. Laini iwe inaruhusu kupiga na iwe na dakika. Laini ya data pekee itakupa mlio mtamu na simu isiende popote. La pili, mahali ambapo ruta au mtandao hauwezi kubeba sauti ndani ya 4G, ruta hushuka kwenye mtandao wa zamani kila unapoongea, na intaneti ya ofisi nzima huzorota au kukatika mpaka umalize.

Ukijiunga na huduma ya simu za intaneti, unahitaji adapta yenye FXS. Grandstream HT801 ina tundu moja la simu na HT802 ina mawili. Adapta huchomekwa kwenye tundu la LAN la ruta, kisha simu huchomekwa kwenye adapta. Hapa bando ndilo linalolipa, na hesabu yake si ya kutisha. Mfumo wa sauti uitwao G.711 hutumia kilobiti 64 kwa sekunde kwa sauti yenyewe. Ukiongeza vichwa vya pakiti zinazoibeba unafika kilobiti 87 hivi kila upande, yaani karibu MB 80 kwa saa nzima ya kuongea, kwenda na kurudi. Mfumo wa G.729 huibana sauti hadi kilobiti 8, lakini pamoja na vichwa vya pakiti inafika 31, yaani karibu MB 28 kwa saa. Vifungashio ni vizito kuliko mzigo. Penye mtandao dhaifu chagua G.729. Penye mtandao mzuri G.711 ina sauti iliyo wazi zaidi.

Ukiwa na laini ya TTCL ya waya, yenye namba inayoanza na 027 ambayo wateja wameizoea miaka yote, na unataka iingie kwenye mfumo wa simu za intaneti wa ofisi, hapo ndipo FXO inapofanya kazi yake. HT813 ina FXS moja na FXO moja, ni kisanduku kinachofaa ofisi ndogo. Kina jambo jingine zuri: umeme ukikatika, huunganisha simu moja kwa moja na waya wa nje, nawe unaendelea kuongea kwa umeme wa mtambo.

Ukifunga FXO, jaribu kabla fundi hajaondoka: piga simu itoke kwenye laini ya waya, kisha mwambie uliyempigia akate kwanza. Angalia kama kifaa chako nacho kinakata. Vifaa visivyowekewa milio ya nchi yetu huenda visitambue kwamba upande wa pili umeshaweka simu chini, na laini hubaki imeshikwa, pengine na malipo yakihesabiwa. Hili hurekebishwa kwenye mipangilio, bila kununua kifaa kingine.

Dukani uliza maswali matatu tu. Tundu hili ni FXS au FXO? Kifaa kimefungwa kwa kampuni moja au kinakubali yoyote? Kimeidhinishwa na TCRA? Muuzaji akijibu "yote sawa, chomeka tu", mshukuru, nenda duka la pili.

Bonde, radi na umeme wa kukatika

Ushauri wa vitabuni huandikwa na watu wa mijini. Sisi wa miguuni mwa Usambara tuna mambo yetu.

Bonde ni zuri kwa mpunga, baya kwa mawimbi. Mlima ukisimama kati yako na mnara, kubadilisha simu hakusaidii. Kabla ya kuamua ruta ikae wapi, zunguka nayo dirisha kwa dirisha ukitazama vijiti vya mtandao, na mara nyingi dirisha linalotazama bonde lililo wazi litalishinda linalotazama mlima. Ukishapata mahali, ruta ikae hapo hapo, waya wa simu ndio urefushwe kuifuata meza. Waya wa simu unavumilia kurefushwa ndani ya nyumba bila sauti kuharibika, mawimbi hayavumilii ukuta wa mawe.

Radi. Matundu ya FXS kwenye ruta na adapta ndogo yametengenezwa kwa nyaya za ndani ya jengo. Kutoa waya ofisini, kuupitisha juu ya miti hadi kwenye kibanda cha mlinzi, ni kuijengea radi barabara mpaka mezani kwako. Laini ya TTCL inayoingia kutoka nje nayo iwe na kikinga radi kilichofungwa waya wa ardhini, kabla haijagusa FXO. Mawingu yakijikusanya mlimani wakati wa vuli na masika, chomoa waya wa nje, chomoa na wa umeme, na usiongee kwa simu ya waya mpaka ngurumo zipite.

Umeme. Nimesema awali kwamba zamani betri zilikuwa kwenye mtambo. Sasa mtambo wako ni ruta, na betri ni juu yako. TANESCO ikizima, simu ya mezani isiyo na waya wa nje inazima papo hapo. Kwa zahanati hili si dogo. Nunua UPS ndogo ya ruta, lakini kwanza soma kibandiko cha kila kifaa: ruta nyingi ni volti 12, baadhi ya adapta ni volti 5, na kukosea hapo ni kuunguza. Kisha, hata ukiwa na UPS, weka simu ya mkononi iliyojaa chaji mahali panapojulikana na kila mtu, kwa ajili ya namba ya dharura 112.

Simu ikisumbua

Kengele inaita kwa unyonge au haiiti kabisa: umeunga simu nyingi kwenye tundu moja. Umeme wa kengele unaogawiwa simu tano hauitoshi hata moja. Punguza zibaki moja au mbili.

Unasikika vizuri ila husikii: kwenye simu za intaneti, mara nyingi ruta inazuia njia ya sauti ya kurudi. Mwombe mtoa huduma akuelekeze kwenye mipangilio, na umtajie aina ya ruta.

Simu inaita na unaweza kupokea, lakini ukibonyeza namba haiendi: tazama chini ya simu kama kuna swichi ndogo ya P na T. Iweke kwenye T. Zile simu za kuzungusha kwa kidole hupiga kwa mapigo tu, na si kila adapta inaelewa mapigo.

Mashine ya faksi inakwama katikati ya ukurasa: mfumo unaobana sauti huharibu milio ya faksi. Tumia G.711, au washa T.38, njia ya kupitisha faksi kwenye intaneti, kama mtoa huduma anaikubali.

Na hili lisikupite

Atakuja mtu mwenye maneno matamu akuombe uweke visanduku vyake ofisini, vyenye laini nyingi, "vipokee simu za nje na kuzigeuza za ndani", nawe ulipwe kila mwezi. Kataa. Kupitisha simu za kimataifa bila leseni ni kosa kisheria, na wa kwanza kukamatwa ni yule ambaye visanduku viko mezani kwake. Kuunganisha simu yako mwenyewe kwa mtoa huduma mwenye leseni ni kitu halali kabisa, wala visichanganywe.

Yule mzee tulimmalizia kazi kabla ya alasiri. Ruta yake ilikuwa na tundu la TEL mgongoni, limezibwa na kifuniko cha plastiki ambacho hakuna aliyekibandua. Nilipima, mita ikasoma 46. Nikachomeka simu, mlio ukaja, akampigia mjukuu wake Tanga. Kisanduku cheusi alikirudisha dukani.

Kabla sijaondoka alinizuia. Alitoa utepe wa karatasi na kalamu ya wino mzito, akabandika kipande juu ya lile tundu na kuandika SIMU kwa herufi kubwa. Juu ya matundu ya LAN akaandika KOMPYUTA TU. "Wewe unaondoka," aliniambia, "na mimi kesho nitakuwa shambani. Atakayechomoa waya huu akifagia, na arudishe penyewe." Fanya kama yeye. Ni kazi ya dakika mbili, na utepe ni bei rahisi kuliko nauli ya fundi kutoka Korogwe.